Deni la Mtunza Maua

Mtu apendaye kitu kizuri hutamani kukiweka karibu naye. Tamaa hiyo haina lawama katika mwanzo wake, maana jicho limeumbwa kuona, na moyo hufuata jicho. Walakini kitu chenye uhai si kito. Kito kikitolewa mgodini kikavishwa kidoleni hakipungukiwi na neno. Kiumbe hai kikihamishwa huacha nyuma vyote vilivyokuwa vikikilisha, vikikinywesha na kukihifadhi. Basi swali hutokea: je, upendo wa kitu kizuri humpa mtu haki ya kukitwaa? Na kama humpa, haki hiyo huja na deni gani?

Swali hili lina mahali pake katika bonde la Kilombero. Ifakara imekaa katika tambarare ya mpunga, na upande wa kaskazini-magharibi milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta uliovikwa msitu. Katika misitu ya nchi hiyo huota okidi, na nyingi kati yake hazigusi ardhi. Hukaa juu ya matawi, wala hazinyonyi utomvu wa mti unaozibeba. Mti kwao ni kiti, si chakula. Mizizi yake imevikwa ngozi nyeupe yenye vitundu, inayofyonza mvua upesi kama sifongo, kisha ikakaushwa na upepo. Ansellia africana, okidi ya nchi nyingi za joto za Afrika, yenye maua ya manjano na madoa ya hudhurungi kama ngozi ya chui, hufanya zaidi ya hayo. Huelekeza mizizi myembamba juu, ikasukika mfano wa kikapu, na majani makavu yaangukayo humo yakaoza yakawa mbolea. Mmea huo hauna shamba, lakini una ghala.

Sasa na awaziwe mpenda maua mmoja wa mjini. Ameupata mmea huo, akautia katika kopo lenye udongo mweusi wa bondeni, ule ule unaostawisha mpunga, na kila asubuhi akaumwagilia. Baada ya majuma machache mizizi imeoza. Huruma yake haikupungua. Kilichopungua ni maarifa. Mpunga una njia za hewa ndani ya shina, zishukazo mpaka mizizini, ndiyo sababu husimama katika maji usife. Okidi ya mtini hutaka maji na upepo kwa pamoja. Mtu huyo alimpa mmoja haki ya mwingine, na kosa la namna hiyo halikomei kwa mimea. Wazazi wangapi wamewapa watoto wao kile walichokitamani wenyewe, wakakiita mapenzi?

Wapo watunzaji waliojifunza kwa hasara hiyo, wakashika njia iitwayo ya nusu-maji. Chungu chake hakitiwi udongo, bali kokoto za udongo uliochomwa mpaka ukawa mwepesi na wenye vitundu. Matundu ya kutolea maji hayawi chini kabisa. Hutobolewa ubavuni, vidole viwili hivi juu ya kitako, ili maji kidogo yabaki chini yake. Maji hayo hupanda polepole katika kokoto, kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa, na kati ya kokoto hubaki nafasi ya hewa. Hivyo mizizi hupata unyevu isizame. Kokoto hazina chakula, kwa hiyo mtunzaji hutia mbolea iliyozimuliwa sana, na mara kwa mara huzisuuza kwa maji mengi, maana chumvi ya mbolea hukusanyika ikaunguza mizizi. Kadhalika mmea haufai kuhamishwa wakati wowote. Mizizi iliyokua pakavu aghalabu hufa ikiingizwa katika unyevu wa daima. Hungojwa mizizi mipya ianze kuchipua, ili ikue ikiyajua makao yake tangu utoto.

Chungu hicho ni hesabu iliyoandikwa wazi. Mtini, kazi ya kumtunza mmea mmoja iligawanywa kwa mvua, upepo, kivuli, majani makavu na wadudu. Barazani kazi hiyo yote imemwangukia mtu mmoja. Akisafiri kwenda mazikoni Mahenge wakati wa kiangazi, hakuna umande wala ukungu wa mlimani utakaoshika zamu yake. Aliyemtoa kiumbe mahali pake amechukua kazi ya mahali pale, na dawa ya deni ni kulipa.

Yamkini mtu atajibu: ikiwa ufundi umepatikana na deni linalipika, haki imekamilika, kila ajuaye kutunza na atwae. Jibu hilo lina nguvu, lakini limehesabu nusu ya deni. Okidi nyingi nyeupe za Afrika huchavushwa na nondo warukao usiku. Mwaka 1862 Charles Darwin, baada ya kuona ua la Angraecum sesquipedale la Bukini lenye mrija mrefu mno wa asali, alisema kwamba lazima awepo nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Nondo huyo alielezwa na wataalamu mwaka 1903, Darwin akiwa amekwisha kufa. Ua na nondo ni wadai wa wao kwa wao. Chungu chaweza kuilipa mizizi; hakiwezi kumlipa nondo aliyefika akakuta tawi tupu, wala msitu uliopotewa na mbegu za miaka ijayo.

Tena lipo jambo la uadilifu kati ya watu. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Kwa miaka kadhaa wakazi wa vijiji vya upande wa mashariki waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Mama mwenye chungu cha kupikia alitakiwa kuliacha tawi kavu lililolala chini. Itasemwaje basi kwamba mwenye baraza, asiyetafuta ila furaha ya macho, ana haki ya kutwaa mmea ulio hai juu ya tawi bichi?

Wengine husema kwamba mti wa shambani umekwisha kuangushwa, na okidi iliyo juu yake itachomwa pamoja na matawi. Hapo hukumu hubadilika: kuiondoa kwa idhini ya mwenye shamba na ya sheria ni kuokoa, si kupora. Walakini mwokozi naye na ajichunguze. Afurahiaye kila mti unaoanguka, kwa kuwa umemletea ua, hayuko mbali na kuutamani mwanguko wa mti unaofuata.

Njia iliyo safi zaidi ilifunguliwa na subira ya wataalamu. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard alitambua kwamba huota kwa msaada wa kuvu inayoilisha. Na mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba yaweza kuota ndani ya chupa kwa sukari na madini, pasipo kuvu hiyo. Tangu hapo imewezekana tunda moja kuzaa maelfu ya miche, na ua la barazani likawa halina haja ya kumnyang'anya mtu wala nondo.

Basi upendo peke yake hautoi haki, wala ufundi peke yake hautoi. Haki huanza pale mpendaji anapouliza kwanza kiumbe kimetoka wapi, na nani atakikosa. Kisha anapokubali, siku baada ya siku, kuwa mvua yake na upepo wake. Asiyeweza hayo naye hakunyimwa uzuri. Njia ya mlimani iko wazi kwa mgeni mwenye ruhusa, na ua litazamwalo tawini halimdai mtazamaji ila kuliacha lilipo.