Njaa Moja, Maneno Mawili

Saa tisa mchana, katika mkahawa mmoja hapa Nairobi, nilimfokea kijana aliyechelewa kuniletea chapati na madondo. Nilisema mengi, tena kwa sauti. Hakunirudishia. Alisema tu, "Nimefunga, mkubwa," akaweka sahani mezani, akaenda zake. Rafiki yangu akamwita kumtuliza: "Usijali bro, huyu ako hangry tu."

Neno hilo halijanitoka akilini. Ni hungry, mwenye njaa, na angry, mwenye hasira, yaliyogandishwa pamoja. Mfano wake wa kale unaojulikana ni wa mwaka 1956, lakini kamusi kuu ya Oxford ililipokea mwaka 2018. Sisi tumelichukua lilivyo. Mtu akigomba kabla ya kula, tunasema ako hangry, tunacheka, yanaisha.

Sikatai kuwa lina ukweli. Sukari ikishuka katika damu, mwili humwaga adrenalini, ile ile inayotuandaa kupigana au kukimbia. Hata wahenga walijua: mwenye njaa hana miiko. Ila methali hiyo inaonya. Hangry inachekesha, na kicheko chake kina kazi: aliyefokewa anatakiwa aelewe, na aliyefoka anageuka mtoto wa kupewa biskuti.

Na kijana yule njaa yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Mimi nilikunywa chai na mkate saa nne. Yeye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu daku. Mtume aliwafundisha Waislamu kwamba aliyefunga akitukanwa aseme, "Nimefunga." Unamwambia mwenzako, na unajiambia mwenyewe. Njaa hapo inakuwa hatamu ya ulimi. Sisemi kila anayefunga ni mpole. Wapo wanaogomba kutwa hadi adhana ya magharibi. Lakini hao wanajua wanaiharibu saumu yao.

Sasa tuseme angenijibu kwa ukali kama wangu. Nani angesema ako hangry? Angeitwa mkosa adabu, na pengine jioni hiyo angekuwa hana kazi. Kumbe kisingizio cha njaa ni cha anayeletewa sahani. Anayeibeba hana ruhusa ya kukitumia.

Kesho yake nilirudi. Njiani nilikuwa nimejipangia maelezo: kazi nyingi, foleni ya magari, sikuwa nimekula. Yote yalikuwa kweli. Nilipomwona anapangusa meza nikaona aibu kuyasema, maana yalikuwa ni hangry ile ile, imerefushwa tu.

"Jana nilikukosea," nikamwambia. "Naomba unisamehe."

Alinitazama kidogo. "Yameisha," akasema, akarudi kwenye meza yake.

Njaa inaweza kueleza nilichofanya. Kusamehe ilikuwa kazi yake yeye, na aliifanya kabla ya kufuturu.