Uso wa Harusi, Shingo ya Kila Siku

Binti mmoja wa Butembo aliposwa na kijana wa Beni, na mahari ikapokelewa bila maneno mengi. Jina lake halina kazi hapa, kwa sababu kisa hiki kina mabinti wengi ndani yake. Tuseme tu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mweusi wa kung'aa, mwenye ngozi ambayo shangazi zake waliisifu tangu akiwa mtoto. Wiki chache kabla ya harusi akaanza kutafuta faundesheni, ile ambayo kwenye butiki za mji wake huombwa kwa Kifaransa, fond de teint. Aliitaka ya majimaji, inayoshika tangu misa ya asubuhi hadi wachezaji wa mwisho watakapokwenda kulala.

Hitaji hilo lilikuwa na maana. Butembo iko vilimani mashariki mwa Kongo, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi watu huvaa sweta na ukungu hukawia mabondeni. Beni iko kilomita 54 kaskazini, chini zaidi, kwenye joto na unyevu wa jirani na msitu. Uso uliopambwa Butembo alfajiri ukishuka hadi Beni hukutana na jasho, vumbi jekundu la barabara, mabusu ya wakwe na machozi ya mama mzazi. Faundesheni ya kawaida haivuki yote hayo. Na mtu akiniambia kwamba katika miji iliyozika watu wengi kiasi hiki urembo ni upuuzi, nitabishana naye mpaka jioni. Pale ambapo vita haviishi, harusi ni siku ya watu kuonyeshana kwamba bado wapo. Bibi harusi ana haki ya kupendeza.

Akaingia kwenye butiki moja ya katikati ya mji, ndani, mbali na mlango, chini ya taa nyeupe inayowaka mchana.

"Yaya, natafuta fond de teint ya kukaa mpaka usiku."

Muuzaji akateremsha chupa tatu. Akamdondoshea tone mgongoni mwa mkono, akalisambaza kwa kidole. "Ya kwako ingekuwa ile nyeusi, lakini imeisha. Chukua hii iliyo juu yake. Bibi harusi lazima ang'ae, mdogo wangu."

"Ikipendeza mkononi, usoni nako itapendeza?"

"Si ngozi ni ileile?"

Si ileile. Mgongo wa mkono hupigwa na jua na sabuni kwa namna yake, na mara nyingi hauna rangi ya shavu wala ya shingo. Taa ya dukani nayo hufuta wekundu na umanjano wa ngozi, ikafanya chupa mbili tofauti zionekane mapacha. Zaidi ya hayo, faundesheni nyingi hubadilika kidogo zikikauka na kuchanganyika na mafuta ya ngozi, kwa hiyo rangi unayoiona mara tu baada ya kupaka siyo utakayotembea nayo. Binti alilipa kabla tone halijakauka.

Muuzaji hakuwa mtu mbaya. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana kote mashariki mwa Kongo kwa kuufuata mzigo hadi Dubai na Guangzhou. Kontena hushushwa Mombasa, likavuka Kenya na Uganda, likaingia nchini kwa mpaka wa Kasindi, ndipo lipande kuelekea Beni na Butembo. Vipodozi vikinunuliwa kwa katoni, aliyezipanga rangi ni mtu wa mbali ambaye hajawahi kuuona uso wa mwalimu huyu. Chupa za rangi nyeusi zikiwa chache huisha mapema. Zinazobaki rafuni ni zile za weupe, na zinazobaki ndizo zinazosifiwa.

Siku ya harusi faundesheni ilitimiza ahadi yake. Haikutiririka, haikuchafua kola ya bwana harusi, na saa 3 usiku ilikuwa bado ipo. Wageni wakampokea kwa vigelegele: "Umetakata kweli! Umekuwa mweupe!" Picha ziliporudi, zilisema jambo jingine. Uso ulikuwa wa majivu, na chini ya kidevu ulianza mstari, kisha shingo, mabega na mikono, vyote vyeusi kama alivyozaliwa navyo. Sababu yake ni ya kikemia. Faundesheni hupata rangi kutoka kwenye oksidi za chuma, yaani nyekundu, ya manjano na nyeusi, zikichanganywa na unga mweupe wa dioksidi ya titani. Kadiri chupa inavyokuwa ya weupe, ndivyo unga huo mweupe unavyozidi, na juu ya ngozi nyeusi hutoa ukijivu. Mwanga wa kamera huuzidisha.

Sasa sikiliza alichofanya, maana hapa ndipo kisa chenyewe kinapoanzia. Alizitazama picha zile kwa muda mrefu akaona kuna kisichopatana. Angeweza kusema chupa imekosea. Lakini sifa za wageni zilikuwa zimemwingia masikioni, na zote zilikuwa za uso. Akaamua kwamba lililokosea ni shingo.

Basi akanunua mkorogo, krimu ya kung'arisha ngozi. Ulikuwa kwenye kikopo kisicho na jina la kiwanda, umechanganywa na mtu aliyemhakikishia kwamba "unasafisha tu". Akaupaka shingoni, akapanda nao mashavuni, akashuka nao mikononi. Mwanzoni ulimfanyia alichotaka. Mkorogo huanza hivyo; kama ungewaunguza watu tangu siku ya kwanza, usingepata wateja.

Ndani ya vikopo vya namna hiyo mara nyingi hukutwa vitu vya aina tatu, kimoja kimoja au kwa pamoja. Kuna haidrokwinoni, inayozuia ngozi kutengeneza rangi yake. Ikitumika muda mrefu, hasa juani, inaweza kugeuka na kuleta mabaka ya weusi wa bluu ambayo tiba yake ni ngumu na mara nyingi hayaondoki yote. Madaktari wa Afrika Kusini waliyaeleza mabaka hayo tangu miaka ya 1970. Kuna dawa kali za jamii ya klobetasoli, ambazo daktari huzitoa kwa ugonjwa maalumu na kwa siku chache. Zikipakwa kila siku huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikachanika michirizi, ikatoa chunusi, na kidonda kidogo kikachelewa kupona. Na kuna zebaki. Hiyo hupita kwenye ngozi ikafika kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha taarifa ya wagonjwa 60 wa figo, watu wazima waliovimba mwili kwa kupoteza protini kwenye mkojo. 32 kati yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zaidi ya nusu karne imepita, na Nairobi si mbali na sisi: bidhaa zetu hupita njia ileile. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulishapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata kiwango hicho. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda nazo zimeshakataza krimu za aina hii. Lakini kikopo kisicho na lebo hakisomi sheria.

Kuna jambo la Butembo ambalo watu hulisahau kwa sababu ya ile baridi. Mji uko karibu kabisa na ikweta, na uko juu. Jua lake halichomi kama la Beni, ila miale inayoharibu ngozi ni mikali hata sweta ikiwa mwilini. Weusi wa ngozi ndio kinga ya kwanza dhidi ya miale hiyo. Mwalimu wetu aliivua kinga yake huku akienda kazini kila siku kwa miguu.

Miezi ikapita. Juu ya mifupa ya mashavu yakatokea mabaka, kwanza madogo, ukiyatazama kwa karibu kama vidoa vya wino chini ya ngozi. Akafanya nini? Akairudia ile chupa ya harusi. Faundesheni iliyonunuliwa kwa siku moja ikawa ya kila siku, tabaka juu ya tabaka, na kwa kuwa inadumu, akaanza kulala nayo ili mumewe asimwone alfajiri. Ubora wa chupa ukawa mtego. Ingekuwa inayeyuka saa 6 mchana, angelazimika kujitazama mapema na kutafuta msaada mapema.

Aliyemwona ni mama mkwe, asubuhi moja huko Beni, mkwewe alipoinama kuchochea moto wa jiko na kujifuta moshi kwa ncha ya kikwembe. Kitambaa kilitoka na rangi, na pale palipofutika pakaonekana.

"Mwanangu, uso wako umepatwa na nini?"

"Ni vumbi tu, mama."

"Vumbi nalijua. Kaa hapa."

Mama yule hakumfokea. Aliomba aonyeshwe kikopo, akakinusa, akakigeuza kutafuta maandishi, na siku hiyohiyo wakaenda pamoja hospitalini. Nampenda mama huyu. Ni mtu wa mji ambao, pamoja na Butembo, ulikuwa katikati ya Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Miaka ile kila kizuizi kilikuwa na ndoo ya maji ya klorini na kipimajoto cha paji la uso, na watu walizoea kuuliza ndani ya ndoo mna nini kabla ya kutumbukiza mikono. Swali hilohilo linafaa mbele ya kikopo cha krimu, na mtu yeyote analiweza bila kusomea udaktari.

Daktari alimpima mkojo kwa ajili ya figo. Akamweleza kwamba dawa za jamii ya klobetasoli, zikishatumika miezi mingi, kuziacha kwake kunahitaji usimamizi, kwa sababu ngozi inaweza kuwaka na kuvimba ghafla. Akamwambia avae kofia pana na kukwepa jua la mchana. Shingo ilianza kurudi kwenye rangi yake baada ya miezi. Mabaka ya mashavuni yalififia kidogo tu.

Je, faundesheni aiache? Kwa maoni yangu, hapana, mradi ngozi itulie na daktari akubali. Aichague kwa kufuata shingo. Aende dukani mchana akiwa na uso mtupu, atoke nje hadi mlangoni, apake mistari miwili au mitatu ya rangi tofauti kuanzia taya kushuka shingoni, kisha asubiri, hata kwa kwenda kununua mahitaji mengine sokoni. Mstari utakaokuwa umepotea akirudi kwenye kioo ndio wake. Akikosa chupa moja inayomfaa, anunue mbili zinazokaribiana, moja nyeusi na moja ya wekundu kidogo, achanganye mwenyewe. Iman, mwanamitindo Msomali aliyezaliwa Mogadishu na kupigwa picha Nairobi mwaka 1975 akiwa mwanafunzi, alipoanza kazi New York mpambaji alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe, kisha akampaka iliyomgeuza kijivu. Alichanganya rangi zake kwa miaka kabla ya kufungua kampuni yake ya vipodozi mwaka 1994. Aliacha shingo yake ilivyo, akabadilisha chupa.

Faundesheni inayodumu ina adabu zake katika kupaka. Tikisa chupa, kwa sababu rangi hutuama chini. Paka mafuta mepesi ya uso kwanza na uyaache yanywewe. Majimaji ya faundesheni hii yana silikoni inayoruka haraka hewani na kuacha utando mwembamba unaoishikilia rangi. Ndiyo maana ukiitandaza uso mzima kwa mara moja inakauka kabla hujaifikia pua, ikabaki na mabonge. Fanya shavu moja, umalize, uende la pili, kisha paji. Tumia sponji yenye unyevu, gonga badala ya kusugua, na kiasi kiwe kidogo. Beni, jasho likija, bandika leso na uinue, usifute. Usiku maji matupu hayatoshi, maana utando ule unayakataa. Pitisha mafuta kwanza yaulegeze, uoshe kwa sabuni laini, uuache uso ulale mtupu.

Yaliyobaki yako mikononi mwa wanunuzi. Muuzaji wa Butembo ana daftari, na kabla hajatuma hela au kupanda ndege hutazama ni nini kiliombwa kikakosekana. Chupa ya weupe ikinunuliwa kwa sababu tu nyeusi imeisha, daftari huandika kwamba weupe unatoka. Mteja akiirudisha mezani kwa heshima na kusema, "Yaya, hii si yangu, nitarudi ukiwa na nyeusi yenye wekundu kidogo, na namba yangu ya simu ni hii," huandikwa kingine. Waliofuata vipuri vya pikipiki na vitenge hadi Asia watashindwaje kuagiza katoni ya rangi zetu?