Mkulima Ndani ya Tusi

Mwingereza akitaka kumshusha mtu bila kupandisha sauti, ana kabati zima la vivumishi. Atamwita boorish, churlish, mean, vulgar, au kwa aliyepindukia kabisa, villainous. Shuleni tulipewa maneno haya kama visawe vya bad. Tukayakariri na spelingi zake, mtihani ukapita, yakabaki kichwani kama misumari ya akiba. Hakuna aliyetuambia kwamba mengi kati yake yana mtu ndani, na kwamba mara nyingi mtu huyo ameshika jembe.

Chukua hilo la mwisho. Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, na miaka 20 baadaye maofisa wake wakazunguka nchi kuandika nani ana nini: ardhi, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, vinu, nguruwe, watu. Katika kitabu kilichotokana na kazi hiyo, Domesday Book, kundi kubwa kuliko yote la watu wa vijijini ni villani. Hawa walikuwa wakulima waliokuwa na vipande vyao vya ardhi lakini wakiwiwa kazi katika shamba la bwana. Jina lao lilitokana na villa, makazi ya shambani, na halikuwa na ubaya wowote. Ni kama kuandika "mkazi wa kijiji" kwenye fomu ya sensa.

Vizazi vikapita, na waliokuwa wakilitaja jina hilo mezani, kwa Kifaransa cha mabwana, wakaanza kulitamka kwa mdomo uliopinda. Mtu wa shamba akawa mtu wa roho duni. Mwaka 1381 wakulima waliasi, wakaingia London na Wat Tyler mbele yao, wakamtaka mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, awafungue kutoka utwana. Mfalme akaahidi, hata hati zikaandikwa. Tyler akauawa pale Smithfield na hati zikafutwa. Utwana wenyewe ulikuja kufa polepole katika karne zilizofuata, bila sherehe. Tusi halikufa. Leo villain ni yule adui wa filamu mwenye kicheko kirefu, na anayemzomea ukumbini hajui kwamba anamzomea mkulima.

Mengine yalipita njia hiyohiyo. Churl alikuwa mtu huru wa kawaida, asiye wa ukoo wa watawala. Boor ni ndugu wa boer wa Kiholanzi, mkulima tu. Vulgar ni ya watu wengi, na ndiyo maana Biblia ya Kilatini ya Jerome ikaitwa Vulgata bila mtu kuona haya. Lewd ndilo lililonichekesha zaidi: zamani lilimtaja mtu asiye padre, kwa hiyo asiyesoma, kwa hiyo mjinga, kwa hiyo mtu wa hovyo, mpaka likatua kwenye uasherati. Adhabu ndefu mno kwa kosa la kutojua Kilatini.

Upande wa pili wa kabati ndio uliokamilisha picha. Noble, gentle, generous: yote yalianza kwa kumtaja aliyezaliwa ukoo mzuri, yakaishia kumsifu mwenye moyo mzuri. Civil na urbane yametoka mjini. C. S. Lewis aliueleza mwendo huu katika Studies in Words, kitabu cha 1960: maneno ya cheo hugeuka kuwa maneno ya tabia. Yeye hakutaka tulaumu majivuno peke yake. Aliona humo pia matumaini ya watu kwamba walio juu wataishi kwa ubora unaolingana na nafasi zao. Labda. Ila matumaini hayo hayaelezi kwa nini aliyeko chini alazimike kubeba uchafu wote.

Nasi tusijitoe. Waungwana wa pwani walikuwa na neno mshenzi kwa watu wa bara muda mrefu kabla sisi sote hatujalitumia barabarani kwa dereva aliyetuchomekea. Miji ya kikoloni ilitugawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Wakoloni wameondoka, lakini hadi leo Dar es Salaam mtu akisema "yule ni Mswahili sana," anamaanisha mjanja asiyeaminika, na anayasema hayo kwa Kiswahili fasaha.

Kisha kuna ushamba. Nchi iliyotoa Azimio la Arusha mwaka 1967, ikawaweka wakulima na wafanyakazi mbele na kuchora jembe na nyundo kwenye bendera ya chama, iliendelea kuwaacha watoto wake wachekane kwa kuitana mshamba. Mkulima alipanda jukwaani. Mshamba, ambaye ni mtu yuleyule, alibaki chini akiuliza njia. Kienyeji ndicho kivumishi chenye visa zaidi. Pombe ikiwa ya kienyeji inanywewa uchochoroni. Kuku akiwa wa kienyeji anapanda bei kuliko yule wa kisasa, na hoteli inamwandika kwenye menyu kwa fahari. Ni wenye pesa walioonja supu yake, wakabadili mawazo.

Mimi sidai tuache kuchukia vitu. Vingi vinastahili. Ila nimeanza tabia inayowaudhi rafiki zangu: mtu akisema harusi fulani ilikuwa ya kishamba, namuuliza ilikuwa na nini. Mmoja alisema muziki ulikuwa juu mno hadi watu hawasikilizani. Basi sema hivyo, ndugu yangu, tutakuelewa. Mwingine akasema chakula kilifika saa tano usiku, watoto wameshalala kwenye viti. Huyo nilimwunga mkono kabisa. Wa tatu alifikiri kidogo, akasema shangazi wa bwana harusi walikuja na basi kutoka kijijini, wamevaa vitenge vya sare, wakapiga vigelegele hata wakati MC anaongea.

Huyo nilishindwa kumtafutia neno lingine.