Jua Lililomo Ndani ya Ruwa

Mtu aliyejifunza Kiswahili kitabuni, akisoma neno Moshi ubavuni mwa basi, huwaza kuni mbichi na macho yanayowasha. Mwenyeji wa Moshi hawazi hivyo hata kidogo. Kwake neno hilo ni mnara wa saa katikati ya mji, ni migomba inayoanza mara tu barabara inapopanda, ni kilele cha Kibo kujifunua alfajiri na kujifunika kabla ya saa nne. Matumizi ya kila siku yameufukuza moshi kwenye Moshi. Wanaodai kwamba maneno hupendwa kwa utamu wa sauti yake wangefaa waanzie hapo, kisha walitazame neno ua. Kwa sauti ileile tunamtajia bibi harusi ua lake, tunataja kitendo cha kutoa roho ya mtu, tunataja na uwanja wenye uzio nyuma ya nyumba. Sauti ni moja, lakini moyo unaruka mara tatu, kila mara upande wake. Hata kabla ya Kristo, Plato aliwakutanisha watu wabishane kama majina ni ya asili au ni ya mapatano tu. Mlima Kilimanjaro una neno ambalo linaufanya ubishi huo kuwa mgumu zaidi, kwa sababu ni jina la Mungu.

Neno lenyewe ni Ruwa, au Iruwa, kutegemea uko upande gani wa mlima. Katika Kichaga neno hilo ni Mungu, na ni jua. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na jina walilolitumia kuhubiri likawa hilohilo walilolikuta. Swali langu ni hili: anayesali kwa jina la Ruwa, je, jua bado limo, au limetoweka kama moshi ulivyotoweka kwenye Moshi? Tena, lipi ni heri kwa imani yenyewe? Nadhani ni heri jua libaki. Jina la Mungu lisilo na picha yoyote linatosha kumtambulisha, kama jina la mji kwenye tiketi, lakini halimfundishi anayelitamka jambo lolote. Na jua la Ruwa si jua la mahali popote tu. Ukiwa Kahe, kule tambarare, jua ni kitu cha kukimbia. Panda Kibosho au Marangu mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya migomba siku nzima, blanketi halikauki na kahawa iliyoanikwa inatishia kuoza, ndipo utajua kwa nini watu wa huko juu waliona wema wa mbinguni ukiwajia kwa umbo la mwanga. Hapo jua halichomi. Linarudi, na kurudi huko ndiko kunakoshukuriwa.

Atasimama mtu aseme kuwa huko ni kuabudu kiumbe badala ya Muumba. Pingamizi hilo lina uzito, wala halipuuzwi kwa kusema tu kwamba wazee wetu walikuwa na hekima. Lakini John Mbiti, kasisi na mwanazuoni wa Kenya aliyekusanya majina ya Mungu kutoka pande nyingi za Afrika, aliona kwamba watu wanaolihusisha jua na Mungu hawasemi kwa hiyo kuwa jua ndilo Mungu. Zaburi ya 84 nayo inamwita Mungu jua, na hakuna mchungaji anayeiruka. Msikitini, An-Nur, yaani Nuru, ni miongoni mwa majina 99 ya Mungu, na hakuna anayedhani kwamba Waislamu wa Moshi wanasujudia taa. Picha si sanamu. Sanamu inadai kuwa imemaliza kusema. Picha iliyomo ndani ya neno inaonyesha kwa kidole tu, na anayeitumia anajua kwamba jua huzama na Ruwa hazami.

Pingamizi zito zaidi ni la Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwashutumu wenzake, Mbiti akiwemo, kwamba waliivika miungu ya Afrika kanzu za Kigiriki. Alitoa kisa cha wamisionari waliowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewafinyanga. Wazee walijibu kwamba kuna Rubanga, anayefinyanga migongo ya watu mpaka ikapinda kibyongo, na wamisionari wakaondoka wamefurahi, jina la Mungu wamelipata. Kisa kinachekesha na kinauma. Kinathibitisha kwamba picha ya neno haichaguliwi na mgeni mwenye daftari. Hata hivyo kina upande wa pili: Waacholi wamesali kwa jina hilo vizazi kadhaa, kwenye harusi na kwenye misiba, na siku hizi anayelitaja kanisani hawazi kibyongo. Waliolibadilisha ni waliosali, na wamisionari walianzisha tu. Kwa hiyo Okot yuko sahihi kuhusu mwanzo wa jina, ila mwanzo hauamui kila kitu.

Vijana wa Moshi wanasali kwa Kiswahili, na wengi hawajui Kichaga zaidi ya aika, yaani asante. Sioni kwamba wamepoteza wokovu kwa hilo. Kiswahili kina picha zake pia, tukizisikiliza. Neema ya mimbarini ndiyo neema ya mkulima asemaye mwaka huu ni wa neema, maghala yamejaa. Roho, kwa Waswahili wa zamani, ilikuwa pia koo, mahali pumzi inapopita. Dhambi, imani na malaika yalipanda mlima kutoka pwani, yakiwa yametoka Uarabuni, na leo Mlutheri anayatamka bila kuwaza bandari yoyote. Tatizo ni kuyatamka maneno hayo hadi yawe kokoto.

Neno la Kichaga lisilokubali kuwa kokoto upesi ni isale. Ni mmea wa majani marefu membamba, ya kijani, unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, na kwenye makaburi ya wazee. Aliyekosa huchukua jani lake, hulifunga fundo, akalipeleka au akampa mzee alipeleke kwa aliyekosewa. Aliyeletewa isale akikataa, lawama humgeukia yeye. Jani lililoonyesha shamba la huyu linaishia wapi na la yule linaanzia wapi ndilo linalovuka mpaka kuomba radhi, na mwombaji analishika mkononi, mbele ya macho ya watu. Samahani inaweza kutamkwa huku mtu akitazama pembeni. Isale haiwezi. Siku hizi vihamba vinagawanywa vipande vipande, kuta za matofali zinachukua nafasi ya masale, na kosa huombewa radhi kwa simu. Mtu akiandika kwenye simu kwamba anakuletea isale, mzee wa Kibosho ana haki ya kumuuliza jani lenyewe liko wapi.