Wino na Karatasi



Msimu wa pamba unapokwisha huko Bariadi, baba na mama hukaa kitako kufanya hesabu. Kuna mbegu za mwaka ujao, kuna bati la nyumba, kuna sare na madaftari ya watoto. Na pengine yuko mgeni aliyekuja kuuliza habari za binti, na ng'ombe wa mahari wamekwisha kutajwa. Jioni hiyo ndipo huamuliwa kama binti ataendelea na masomo au yataishia hapo. Kabla hamjaamua, sikilizeni habari za mama mmoja wa pwani.

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa yapata mwaka 1810 katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyefariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, naye alikuwa na binti, Mwana Hashima, mwenye umri upatao miaka 17. Akamtungia utendi wa beti mia moja na zaidi, awe na wosia wa kushika. Yapata mwaka 1860 akafariki.

Angalieni jinsi anavyoanza: amwita binti aje na wino na karatasi. Basi binti yule alijua kalamu! Na hayo yalikuwa miaka 20 kabla ya msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe kutoka pwani kuelekea maziwa makuu, mwaka 1878. Tena mama hakumwandikia mwanawe peke yake, bali awaalika wanawake wengine nao wausome. Siku zilezile, mbali huko Sokoto, Nana Asma'u, aliyefariki mwaka 1864, alitunga mashairi na kuwafunza wanawake waliokwenda kuwafundisha wenzao vijijini.

Hatufichi neno. Mwana Kupona alikuwa Mwislamu, na nyumba yake ilikuwa na watumwa, ambao amwonya binti asichangamane nao ila kwa kazi. Juu ya utii wa mke asema mengi. Juu ya wajibu wa mume, ambaye Mtume Paulo amwagiza ampende mkewe kama Kristu alivyolipenda Kanisa, asema machache. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitufundisha mwaka 1965 tusiyakatae yaliyo ya kweli na matakatifu katika dini nyingine. Na hili ni kweli: mama huyu aliona kwamba urithi wa binti ni maneno mema, na kalamu ya kuyashika.

Maandiko Matakatifu nayo yashuhudia. Sura ya mwisho ya Mithali ni mafundisho ambayo mfalme Lemueli aliyapata kwa mama yake. Imani ya Timoteo ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Basi, enyi akina baba, mahari si dhambi. Ni heshima ya wazee wetu. Lakini ng'ombe wanaopokelewa ili mtoto atolewe darasani ni bei, wala si heshima. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya sheria ya ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Mwaka 2021 Serikali iliwafungulia mlango wa shule wasichana walioacha masomo kwa sababu ya kuzaa. Mlango uliofunguliwa na Serikali usifungwe na mzazi Mkristu.

Nanyi akina mama, Jumapili hii jioni, baada ya Rozari, mwiteni binti aje na daftari. Mwambieni yale ambayo mngependa ayakumbuke siku msipokuwapo, naye aandike. Mama asiyejua kusoma asione haya, kwa maana mkono wa mwanawe ni mkono wake. Ng'ombe hufa kwa ukame, fedha ya pamba huisha kabla ya mvua. Maneno ya Mwana Kupona yamedumu zaidi ya miaka 160.

Wachoraji wa Kanisa wamezoea kumchora Mtakatifu Anna akiwa na kitabu, anamfundisha Bikira Maria kusoma. Picha hiyo na iwe ya kila nyumba yetu.

Mtakatifu Anna, utuombee.