Kufuma na Kufumua

Katika usharika wetu akina mama walikubaliana kufuma mablanketi kwa ajili ya watoto wanaozaliwa miezi ya baridi. Blanketi moja ni vipande 36 vya mraba, sita kwa sita, kila kimoja sentimita 15. Kila mama alileta nyuzi zilizobaki nyumbani na sindano yake ya kulabu. Mtindo huu ni wa watu wasiotupa kitu. Gazeti la wakulima la Marekani, Prairie Farmer, lilichapisha maelezo yake mwaka 1885.

Bibi mmoja, ambaye macho yake yamepungua nguvu, alileta vipande vinne. Vilikuwa vidogo na pembe zimepinda. Tulimshukuru sana. Alipoondoka, tukavifumua na kuvifuma upya kwa uzi uleule.

Siku ya kuyabariki mablanketi, bibi alipapasa kipande kimoja baada ya kingine kwa vidole, kisha akasema, "Baba Mchungaji, rangi ni zangu, ila mkono si wangu." Hatukuwa na la kujibu.

Je, tulikosea? Waliofumua walikuwa na hoja. Sisi Walutheri tunafundishwa kwamba hatuhesabiwi haki kwa matendo. Mungu hahitaji blanketi letu. Anayelihitaji ni mtoto. Basi kazi tunayomfanyia jirani na iwe imara. Kipande kilicholegea huachia, na kidole cha mtoto mchanga chaweza kunasa katika tundu lake. Kumpenda bibi kwa kumwumiza mtoto si upendo.

Lakini hoja hiyo haituondolei hatia. Mtume Paulo anawaambia Wakorintho kwamba kichwa hakiwezi kuiambia miguu kuwa hakiihitaji. Sisi hatukumwambia bibi neno hilo kwa kinywa. Tulimwambia kwa sindano, naye hayupo. Shukrani zetu zikageuka kuwa uongo.

Mafundi wa kazi hii wanajua njia nyingine, nasi tuliijua. Kipande cha mraba huanzia katikati, kikakua mzunguko kwa mzunguko. Kikiwa kidogo, huna haja ya kukifumua. Unaongeza mzunguko mmoja kwa nje, na ukihitajika wa pili, hadi kilingane na vingine. Kama kuna tundu lililoachia, unakaa na mwenye kazi, unaweka kidole chake pale penye kosa, naye anafumua mwenyewe mpaka hapo tu. Huko ndiko kuiambia kweli katika upendo, kama Waefeso 4:15 inavyotuagiza. Hugharimu uzi kidogo na muda wa kukaa na mtu. Tulichokosa sisi ni huo muda.

Tujiulize basi ni wangapi tunaowafumua kimyakimya. Mzee anayesoma somo polepole, tukampa mwingine bila kumwambia. Kijana aliyeandika taarifa ya kikundi, tukaiandika upya na kuacha jina lake chini. Tunasema tunawasaidia, kumbe tumewaondoa.

Mungu hakututendea hivyo. Hakungoja pembe zetu zinyooke ndipo atupokee. Haki tuliyo nayo si yetu, ni ya Kristo. Imetujia kutoka nje na kutuzunguka pande zote, na ndani yake tungali tunaitwa kwa majina yetu.

Tulikwenda nyumbani kwa bibi kumwomba radhi. Alitusikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akatoa mfukoni vipande viwili vipya. Kimoja kilikuwa na tundu. Tulikaa naye, akalitafuta kwa kidole, akafumua, akafuma tena. Vyote viwili tumevizungushia uzi mweupe, navyo vimo katika blanketi linalofuata. Ukilipapasa, utaujua mkono wake.