Mwenye Shimo ni Nani?

Mzee mmoja wa kijiji kilicho karibu na Bariadi alikuwa na betri ya sola iliyokufa. Akaipasua nyuma ya nyumba, akamwaga maji yake chini, kisha akauza yale mabamba ya ndani kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilipomwambia kuwa hakufanya vema, alinijibu, "Mwalimu, betri ni yangu, na ua ni wangu. Nimemdhulumu nani?" Swali hilo lafaa kufikiriwa, maana aliyeliuliza si mtu mbaya, yu katika wazee wa kanisa.

Katika sura ya 21 ya Kitabu cha Kutoka imo sheria ya mtu achimbaye shimo asilifunike. Ng'ombe wa mwingine akitumbukia akafa, mwenye shimo hana budi kulipa, ijapokuwa hakumtakia jirani yake mabaya. Sisi tufugao ng'ombe twaielewa upesi.

Lakini shimo huonekana. Betri ya namna ile, zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, na maji yake ni tindikali yenye chembe za risasi hiyo. Yakimwagwa, ardhi huyanywa, nasi hudhani yamekwisha. Kumbe risasi imebaki, wala haiozi. Mtoto huchezea udongo ule, kisha hutia vidole kinywani. Waganga hawajui kiasi chochote cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Hudhoofisha akili yake, na mzazi husema mwanawe ni mvivu wa kusoma. (Nami najiuliza ni wangapi niliowakemea bure.)

Mzee akasema, "Basi nitaiuza nzima. Je, hapo neno langu limekwisha?" Hapo ndipo pagumu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, tangu 2007 hata 2014 kilikuwapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na sumu yake iliingia nyumbani mwa watu. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi humo, alikuta mtoto wake wa kunyonya ana risasi katika damu. Akawaongoza jirani kwenda mahakamani. Mwaka 2020 iliamriwa walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikakubali hukumu hiyo.

Waliouza betri zile hawakuitwa. Walipokea fedha zao wakaenda sokoni. Sisemi kwamba hatia yao ni sawa na ya mwenye kiwanda, maana wengi hawakujua ziendako. Ila mzee yule na mimi tumekwisha kujua, na kujua kwatugharimu: mnunuzi apitaye mlangoni hulipa papo hapo wala haulizwi kibali, na mwenye kibali cha serikali yu mbali.

Betri ya pili ya mzee imekufa pia. Imewekwa wima katika beseni la plastiki, mahali wasipofika wajukuu, na haijapasuliwa. Mnunuzi wa mlangoni amekwisha kupita mara mbili.